Piga Simu Kabla Hujafika Gesti

Kama umeshaapa mara nyingi kwamba hii ndiyo ya mwisho, ukafuta video zote, ukafunga akaunti, pengine hata ukavunja laini, kisha baada ya siku chache ukajikuta pale pale, mwongozo huu unakuhusu. Haukuja kukuuliza kwa nini huna msimamo. Watu wanaoamka alfajiri kuswali, wanaolipa ada za watoto kwa wakati, wanaosimamia maduka na madarasa, nao wamo katika jambo hili la ngono isiyodhibitika. Kiapo chao hufungwa usiku, peke yao, mlango umekomewa. Kinapovunjika pia hakuna anayejua, basi kesho yake kinafungwa kingine.

Mei 1935 dalali mmoja wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, alikwama katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na alikuwa na miezi kama mitano tu bila pombe. Kwenye ukumbi wa hoteli alisikia vicheko vya baa upande mmoja. Upande mwingine palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Akaenda kwenye simu. Hakuwa anatafuta mtu wa kumwombea. Alitaka mlevi mwenzake wa kuzungumza naye kabla hajanywa. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa inammaliza, na mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa Alcoholics Anonymous. Vyama vilivyofuata njia hiyo kwa upande wa ngono vilianza miaka ya 1970: Sex and Love Addicts Anonymous mjini Boston mwaka 1976, Sex Addicts Anonymous mjini Minneapolis mwaka 1977, na Sexaholics Anonymous huko California muda mfupi baadaye.

Njia hii si ngeni kwetu. Nyumba za upataji nafuu za Zanzibar na za Tanzania Bara, wanakoishi vijana walioacha unga, nyingi zinafuata Hatua Kumi na Mbili za Alcoholics Anonymous. Ukimfahamu mtu aliyepitia huko na akasimama, huenda huyo ndiye wa kwanza kumweleza habari zako. Hatashtuka. Ameshasikia mazito kuliko yako.

Kwanza jua kama ndilo tatizo lako

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika 1 Januari 2022, na humo tabia ya ngono isiyodhibitika ikapewa nafasi yake. Iliwekwa kwenye fungu la matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo, siyo fungu la ulevi, kwa hiyo usishangae daktari akilikwepa neno uraibu wakati wanakikundi wanalitumia kila dakika. Kinachotazamwa ni hali iliyodumu, kwa kawaida miezi sita au zaidi. Ngono imekuwa kitovu cha maisha hadi kazi, afya na watoto vimeachwa nyuma. Umejaribu kuacha mara kadhaa ukashindwa. Unaendelea ingawa hasara unaiona kwa macho, na wakati mwingine hata raha yenyewe ilishatoweka.

Kuna sharti moja ambalo msomaji wetu asiliruke. Waandishi wa orodha hiyo walisema wazi kwamba dhiki inayotokana tu na hukumu ya kimaadili, yaani mtu kujiona mchafu kwa sababu dini au malezi yanalikataza tendo, haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Kijana wa miaka 20 anayejichua mara moja kwa wiki na kulia usiku kucha ana jambo la kuzungumza na sheikh au mchungaji wake, na anastahili mazungumzo ya upole, lakini si lazima awe mgonjwa. Kipimo hakiulizi unavutiwa na nani, wala hakihesabu mara ngapi. Kinauliza usukani uko mikononi mwa nani.

Kabla ya kikao chochote, onana na daktari walau mara moja, hasa ikiwa tabia ilianza ghafla. Baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson, zile zinazoiga kazi ya dopamini kwenye ubongo, zinaweza kuamsha hamu isiyozuilika kwa mtu ambaye maisha yake yote alikuwa mtulivu. Wapo pia wanaotumia pesa ovyo, hawalali, wanazungumza bila kituo, na hamu yao imepanda kwa wakati huo huo. Hiyo inaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, na tiba yake ni hospitalini. Dawa uliyoandikiwa usiikatize mwenyewe. Mwambie aliyekuandikia.

Chora maduara matatu

Mlevi ana bahati ya namna yake: anaweza kuamua kutogusa tone hadi kufa. Ngono haiachwi hivyo na walio wengi, hasa wenye ndoa. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kikundi ni hili: kwako kuacha maana yake nini? Sexaholics Anonymous wana jibu moja kwa wote, kwamba tendo na yeyote asiye mwenzi wako wa ndoa, pamoja na kujichua, ni kuanguka. Sex Addicts Anonymous humwachia kila mmoja aamue kwa msaada wa mdhamini wake, yaani mwanachama aliyemtangulia njiani, na chombo chao cha kufanyia hivyo ni maduara matatu yanayozungukana.

Hata kama imani yako imeshakupa jibu, chukua karatasi uyachore. Duara la ndani ni yale unayotaka kuyaacha kabisa, yameandikwa kwa majina yake bila kupamba: kwenda gesti na mtu wa kulipwa, video za ngono, kutumiana picha za utupu, yule mchepuko wa ofisini. Duara la nje ni mambo yanayokujenga: kulala mapema, mazoezi, ibada, kumsaidia mtoto hesabu, kukaa na rafiki bila simu mkononi.

Duara la kati ndilo la kulikalia muda mrefu. Humo mna mambo yasiyo na kosa lolote yakitazamwa peke yake. Kuunga bando la usiku. Kufungua akaunti ya pili. Kushuka kituo kimoja kabla ya chako ili upite mtaa fulani. Kukaa baa peke yako siku ya mshahara. Kumchokoza mke hadi agombe, upate sababu ya kutoka. Ukiwa mkweli utaona kwamba kuanguka kwako hakukuanza saa nne usiku. Kulianza saa nane mchana, ulipofuta ujumbe fulani bila kuulizwa na mtu. Andika mengi hapo kadiri unavyoweza, na ukimpata mwenzako msomee, kwa sababu mtu mwingine huona upesi ujanja ambao wewe umeshauzoea. Karatasi yenyewe usiiache ndani ya Biblia wala kwenye droo ya kitanda. Isome, uikariri, uichome.

Kupata wenzako

Vyama nilivyovitaja vina vikao vya mtandaoni na vya simu kila siku, bila ada, na unaruhusiwa kuingia kwa jina la kwanza tu, kamera imezimwa. Vingi ni vya Kiingereza. Angalia saa zake: kikao cha adhuhuri mjini New York kwetu ni saa mbili usiku wakati wao wako kwenye baridi, na saa moja usiku wakiwa kwenye kiangazi. Sikiliza vikao vichache kabla hujasema lolote. Utakachovuna kwanza si mafundisho, ni ile nafuu ya kumsikia mgeni kabisa akieleza ratiba yako ya Ijumaa.

Lakini mgeni wa Chicago hawezi kukufuata stendi. Tafuta mmoja wa karibu. Wanaokutana ana kwa ana wakiwa wawili au watatu tayari ni kikundi. Anayefaa ni mtu mwenye shida kama yako, au aliyetoka kwenye uraibu mwingine, ambaye hana mamlaka juu yako na wewe huna juu yake. Bosi hafai. Mpangaji wako hafai, shemeji hafai. Kiongozi wa dini anaweza kuwa msaada mkubwa, ila mpime kwanza kwa jambo dogo: mweleze siri isiyo na uzito, usubiri wiki tatu uone kama itakurudia kupitia mtu mwingine. Tena asiwe mtu unayemtamani. Kwa kawaida wanaume hudhaminiwa na wanaume na wanawake na wanawake, na kwa anayevutiwa na jinsia yake busara inabaki ile ile, achague mtu asiyemvuta.

Wanawake wanapitia haya pia, na kwao kufungua mdomo ni mtihani zaidi. Mwanaume ataitwa mhuni, watu wacheke, yaishe. Mwanamke jina atakalopewa litamfuata hadi harusi za wajukuu. Ndiyo maana vipo vikao vya mtandaoni vya wanawake peke yao, na dada mwenye shida hii aanzie huko kabla ya kumtafuta mtu wa mtaani kwake.

Mkishapatana, kutaneni mahali ambapo hakuna anayeshangaa kuwaona: bustani ya umma saa za mchana, ufukweni, mgahawa wenye meza za pembeni, chumba cha zahanati ikiwa mnamfahamu mhudumu. Nyumbani kwa mtu pana watoto na majirani wenye masikio. Mkeo akikuuliza unakwenda wapi, usitunge safari. Mwambie una kikao cha watu wanaosaidiana matatizo yao, na kwamba mengine utamweleza wakati wake. Uongo ndio uliokufikisha hapa, usiufanye kuwa nauli ya kutokea.

Kikao kisizidi saa moja. Kila mtu apewe dakika kama saba za kusema juu yake mwenyewe, wengine wanyamaze. Hakuna kumkatiza, hakuna "mimi ningekuwa wewe". Watu wetu tuna ugonjwa wa kushauri. Mtu hajamaliza sentensi, tayari ameshapewa aya tatu na mfano wa binamu. Kwenye kikao hiki ushauri huombwa. Pia hakuna kutaja jina la tovuti, la gesti, la mtaa, wala la mtu, na hakuna kusimulia tendo kwa undani. Sema "nilirudi kwenye duara la ndani Jumamosi, nikiwa na hasira", inatosha. Simulizi tamu huwasha wasikilizaji, na anayeisimulia anajua.

Msikopeshane. Wengi huingia kwenye kikundi wakiwa na madeni, wengine na mikopo ya kausha damu inayowanyima usingizi, na mkopo mmoja usiolipwa unatosha kumfanya mtu asionekane tena. Msifungue grupu la WhatsApp pia. Humo kila mmoja anaona namba na picha ya mwenzake, mtoto anashika simu ya baba, na picha ya skrini ikishatoka haina kurudi. Tumieni simu ya kawaida, na namba ihifadhiwe kwa jina la kawaida.

Ile simu yenyewe

Watu wengi hugeuza kikundi kuwa mahali pa kuungama. Wanaanguka Jumamosi, wanaeleza Jumatano, wanapata faraja, wanaanguka Jumamosi inayofuata. Faraja hiyo ina kazi yake, ila haijawahi kumzuia mtu mlangoni. Simu yenye faida ni ile ya saa kumi na moja jioni, wakati bado uko kwenye duara la kati na unaona haya kwa sababu "sijafanya kitu, nitamwambia nini?"

Mwambie hivyo hivyo. "Kaka, za jioni. Niko stendi, mshahara umeingia, mke yuko kwao. Sijafanya kitu bado." Anayepokea asihubiri, wala asiulize "tena?" Aulize ya karibu: "Umekula?" Kwenye vyama hivi kuna mambo manne yanayokumbushwa kila mara, njaa, hasira, upweke na uchovu, na inashangaza jinsi sahani ya ugali inavyoweza kuvunja kitu kilichoonekana kama pepo. "Bado." "Luku nyumbani iko ngapi? Nunua sasa hivi, ya mwezi mzima. Kisha kaa mahali penye watu ule. Nitakupigia baada ya nusu saa." Na apige kweli. Hamu hupanda, hufika kilele, hushuka hata usipoitii. Nusu saa yenye mtu kwenye simu ni fupi kuliko nusu saa ya kupambana kimya.

Kuna siku hatapokea. Kwa hiyo uwe na namba tatu, na ukikosa zote, toka ulipo kwanza, kisha endelea kujaribu. Pia zoea kupiga siku za kawaida, dakika mbili tu, salamu na habari ya siku. Asiyewahi kupiga akiwa mzima hatapiga akiwa anatetemeka.

Simu janja ina sheria zake. Usiku ilale sebuleni. Kama unahitaji kengele au kupokea simu za dharura, nunua kitochi. Nunua bando la siku badala ya mwezi. Programu za kuzuia tovuti husaidia kidogo, na nywila yake iwekwe na mwenzako, siyo wewe, lakini usizitegemee: anayetaka kuzipita hupita. Kazi yake ni kukupa dakika mbili za kupiga simu.

Ukianguka

Mwambie mtu ndani ya siku hiyo hiyo, kabla akili haijaanza kupunguza chumvi. Ikiwa ulilala na mtu bila kondomu, au ikapasuka, kabla ya majuto nenda kituo cha afya. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kuwa hatarini huanza kunywewa ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na humezwa kwa siku 28. Sema tu, "nimekuwa kwenye hatari ya VVU," hawahitaji hadithi. Omba pia upimwe kaswende na magonjwa mengine ya zinaa, na urudi kwa vipimo vya baadaye kama watakavyokupangia. Kama unajijua kwamba bado hujasimama, uliza kuhusu dawa za kinga za kumeza kabla. Kuomba kinga si kupanga dhambi, na mhudumu anayekuambia hivyo muombe akuitie mwenzake.

Mwenzi wako ana haki juu ya afya yake. Mpaka majibu yatoke, kondomu au kujizuia. Ukikosa ujasiri wa kusema kwa nini, mshauri wa kituo cha afya anaweza kuwaketisha wote wawili. Ama historia nzima, usiimwage usiku mmoja kwa sababu ya hasira au ili wewe upate kulala. Panga na mshauri au mdhamini, sema ukweli wa jumla bila picha za kina, na umpe mwenzi nafasi ya kukasirika bila kumhesabia siku. Usimpe kazi ya upolisi. Mke anayekagua simu kila usiku anaishi gerezani pamoja na wewe. Wenzi nao wana vyama vyao, S-Anon na COSA, vyenye vikao vya mtandaoni.

Kuna mambo ambayo kikundi hakibebi. Hamu inayoelekea kwa watoto, au kumlazimisha mtu, si ya kunong'onezana bustanini. Aliye nayo atafute daktari wa akili leo, na ajiweke mbali na watoto. Mtoto anayeumizwa hana siri ya kikao: namba 116 ya msaada kwa watoto ni ya bure Tanzania na Kenya. Anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake, apelekwe hospitali usiku huo huo. Hospitali ya akili ya Mirembe iko Dodoma, ya Mathari iko Nairobi, na hospitali ya wilaya inaweza kuwa mlango wa kuanzia. Mtaalamu wa saikolojia anayetumia tiba ya kubadili fikra na mwenendo akipatikana, mtumie sambamba na kikundi. Kwa pombe, mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2020 yaliona kwamba njia ya Hatua Kumi na Mbili inasaidia watu kubaki bila kunywa. Kwa ngono tafiti bado ni chache, kwa hiyo anayekuhakikishia kupona kwa siku 40 kwa malipo fulani, awe na kanzu, koti jeupe au chaneli, mwache na pesa yako ibaki mfukoni.

Na akitokea mtu wa nne anayetaka kujiunga, asiletwe moja kwa moja kikaoni. Wawili wenu wakutane naye mahali pa wazi, bila kutaja wengine ni akina nani. Msimhoji alifanya nini na nani. Sharti la kuingia ni moja, kwamba anataka kuacha. Mwelezeni kanuni za siri na mambo yasiyofichwa, kama mtoto anayeumizwa, mpeni namba mbili, na mumwombe apige moja jioni hiyo hiyo, awe na shida au hana.